Redio Nayo Ijifunze Kunong'ona



Mwezi huu nimeona tuache kidogo habari za chanjo na lishe, tuzungumze juu ya chombo kinachokaa sebuleni mwa wengi wetu, yaani redio. Ninaposema redio nina maana ya vyombo vyote vya sauti: stereo ya zamani yenye amplifaya na spika zake mbili, sabufa ya siku hizi yenye flashi na rimoti, na hata televisheni iliyounganishwa na spika za nje. Jambo ninalotaka tuangalie ni moja tu: jinsi ya kukifanya chombo hicho kitoe sauti ya chini kweli kweli, inayosikika vizuri kwa aliyekaa karibu nacho bila kumwamsha aliyelala chumbani.

Huenda mwingine akajiuliza, nesi ana habari gani na mambo ya sabufa? Katika kuwatembelea wazazi majumbani kwao baada ya kujifungua, nimekuta ugomvi wa redio katika nyumba nyingi. Baba anarudi jioni amechoka, anataka taarifa ya habari na nyimbo mbili tatu. Mama amehangaika saa nzima kumlaza mtoto. Redio inawashwa, mtoto anashtuka, mama anasema "Zima!", na baba anaona amenyimwa hata starehe ndogo ndani ya nyumba yake. Wote wawili wana haki yao. Mara nyingi tatizo liko kwenye chombo chenyewe, kwa kuwa hakina sauti ya katikati. Mzazi mmoja aliniambia, "Sista, hii sabufa yetu ina sauti mbili tu: kimya na harusi."

Kwa bahati nzuri tatizo hilo lina dawa, na sehemu kubwa ya dawa hiyo haigharimu hata senti moja.

Usingizi na kelele

Kwanza tuone kwa nini jambo hili si dogo. Mtoto mchanga, tangu kuzaliwa hadi miezi mitatu, anahitaji kulala saa 14 hadi 17 kwa siku. Usingizi huo hauji kwa mkupuo mmoja. Huja vipande vipande kati ya kunyonya na kunyonya. Tena karibu nusu ya usingizi wake ni ule mwepesi, ambao utamwona anachezesha macho, anakunja uso na kutikisa vidole. Akiwa katika hali hiyo kishindo kidogo kinatosha kumwamsha. Akiamka, mama naye ameamka, na mama aliyekosa usingizi siku nyingi mfululizo huchoka mwili na moyo pia.

Sauti hupimwa kwa kipimo kiitwacho desibeli. Mnong'ono ni kama desibeli 30, na mazungumzo ya kawaida ya watu waliokaa karibu ni kama 60. Kila zinapoongezeka desibeli 10, sikio huona kama sauti imeongezeka maradufu. Katika mwongozo wake wa mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba chumbani mwa kulala, usiku, kelele za mfululizo zisizidi desibeli 30, na kishindo cha mara moja kisizidi 45.

Hapo msinielewe vibaya. Simaanishi kwamba nyumba yenye mtoto igeuke kaburi. Mazungumzo ya kawaida, vyombo jikoni na kicheko cha watoto wakubwa havimdhuru mchanga, na ni vizuri azoee sauti za nyumba yake. Tunachotafuta ni redio iweze kuwa sehemu ya sauti hizo za kawaida, isiwe bwana wa nyumba.

Kwa nini redio haina sauti ya katikati

Wale waliowahi kulazwa na watoto wao wataelewa mfano huu haraka. Dripu ya mtu mzima mara nyingi hutengenezwa ili matone 20 yawe mililita moja. Dripu ya mtoto mdogo ina kisindano chembamba ndani ya kichupa chake, na matone 60 ndiyo huwa mililita moja. Tukitaka mtoto apate mililita 15 kwa saa, kwa dripu ya mtu mzima tungelazimika kuhesabu matone matano tu kwa dakika. Ukigusa kigurudumu kidogo tu, matone yanakuwa kumi, na mtoto amepata maji mara mbili. Kwa dripu ya mtoto tunahesabu matone 15 kwa dakika, na kigurudumu kinatii. Mkono wa nesi ni ule ule. Kilichobadilika ni ukubwa wa tone.

Redio nayo ni hivyo hivyo. Sauti huanzia kwenye chanzo, yaani simu, deki, flashi au televisheni. Chanzo kinapeleka umeme mdogo sana kwenye amplifaya, na amplifaya inaukuza hadi uweze kusukuma spika. Kizungushio cha sauti kinakaa kati ya chanzo na ukuzaji huo. Umeme unaotoka kwenye chanzo ukiwa mwingi mno, ni kama matone makubwa: ukizungusha kidogo tu, nyumba nzima inatetemeka. Sauti zote za chini ambazo ungezitaka usiku zimebanana mwanzoni kabisa mwa kizungushio, mahali ambapo vidole haviwezi kuzitenganisha. Kwa sabufa ya rimoti, namba 1 inakuwa tayari ni kubwa, na chini yake ni sifuri.

Wenye stereo za zamani hukutana na shida hii zaidi. Amplifaya nyingi za miaka ile zilitosheka na umeme wa robo ya volti tu kutoka kwenye redio au kaseti ili zitoe sauti yake yote. Deki za CD, zilizoanza kuuzwa mwaka 1982, hutoa hadi volti 2 hivi. Ukiunganisha deki ya namna hiyo na amplifaya ya zamani, utajikuta unaishi robo ya kwanza ya kizungushio miaka yote.

Kuna dalili nyingine ya kukutambulisha. Ukishusha sauti sana, spika moja inanyamaza na nyingine inaendelea. Ndani ya kizungushio mna njia mbili, moja ya kila spika, na mwanzoni kabisa njia hizo hazilingani vizuri. Usikimbilie kusema spika imekufa. Pandisha sauti kidogo. Zikisikika zote mbili, spika ni nzima. Ikiwa kizungushio kinakwaruza pia, huenda ni vumbi, na fundi anaweza kukisafisha.

Punguza sauti kwenye chanzo

Kanuni ya kwanza, basi, ni hii: usipigane na kizungushio cha redio peke yake, punguza kwanza kule sauti inakotoka. Kama mnapiga nyimbo kwa simu, fanya hivi:

1. Shusha sauti ya sabufa au amplifaya hadi mwisho.
2. Weka sauti ya simu kwenye nusu.
3. Pandisha sauti ya sabufa polepole hadi isikike kama unavyotaka.
4. Ikiwa hatua ya kwanza tu ya sabufa bado ni kubwa, shusha simu hadi theluthi moja, kisha jaribu tena.
5. Ukianza kusikia mlio wa "shhhh" nyuma ya nyimbo, simu imeshuka mno. Ipandishe hatua moja au mbili, na ushushe sabufa.

Mtakapofika hapo mtaona sabufa ambayo jana ilikuwa na hatua moja ya usiku leo ina tano au sita. Na tangu hapo mna vidhibiti viwili: cha sabufa kwa mabadiliko makubwa, na cha simu kwa marekebisho madogo.

Asubuhi mkitaka sauti ya kawaida, shusheni sabufa kwanza ndipo mpandishe simu. Mkianza na simu, nyimbo zitalipuka. Pia zimeni mlio wa kuita wa simu wakati wa usiku, kwa maana simu nyingine hupeleka mlio huo kwenye spika.

Wanaotumia Bluetooth wanaweza kukuta kwamba wakishusha simu, na sabufa inashuka pamoja nayo, kana kwamba ni kidhibiti kimoja. Hapo mmerudi kwenye shida ile ile. Njia rahisi ni kutumia waya wa kuchomeka, unaoingia pale palipoandikwa AUX. Kwa waya, simu itabaki na sauti yake na sabufa na yake.

Televisheni, deki na flashi

Televisheni huwa na matundu zaidi ya moja ya kutolea sauti. Tundu la spika za masikioni kwa kawaida hufuata sauti ya televisheni: ukiishusha kwa rimoti, nayo inashuka. Matundu mengine hutoa sauti isiyobadilika. Kama sabufa yenu imeunganishwa kwenye tundu lisilobadilika, jaribuni kuihamishia kwenye lile la spika za masikioni. Mtapata vidhibiti viwili kama kwenye simu.

Shida nyingine ya televisheni ni filamu na tamthilia. Watu wananong'ona, unapandisha sauti ili usikie, halafu ghafla bunduki inalia au mlango unabamizwa. Televisheni nyingi zina mpango maalumu wa kusawazisha sauti, ambao huenda umeandikwa "Night Mode" au "Auto Volume". Kazi yake ni kuinua sauti ndogo na kuzuia kubwa. Mwombe kijana wako mmoja wa sekondari akutafutie. Wao hawasumbuki na mambo hayo.

Baadhi ya amplifaya za zamani zina kitufe kilichoandikwa "-20 dB" au "ATT". Kitufe hicho hakizimi sauti. Kinaipunguza kwa kiasi hicho mara moja, halafu kizungushio kinatumika kwa uhuru zaidi. Kuna nyumba zina kitufe hiki miaka ishirini na hakijawahi kuguswa.

Flashi inayochomekwa kwenye sabufa yenyewe ni ngumu kidogo, kwa kuwa haina kidhibiti chake. Ikiwa namba 1 ya sabufa bado ni kubwa, basi kwa usiku achaneni na flashi, mpige nyimbo zile zile kutoka kwenye simu kwa waya.

Kazi ya kumwachia fundi

Pengine deki yenu haina kidhibiti cha sauti, na mnaipenda stereo yenu ya zamani hamtaki kuiuza. Mpelekee fundi redio na umwombe akutengenezee waya wenye rezista ndani yake. Rezista ni kitu kidogo sana, cha bei ndogo, kinachopunguza umeme. Kwa kila upande, wa kushoto na wa kulia, fundi ataweka rezista ya kiloomu 10 kwenye njia ya sauti, na nyingine ya kiloomu 1 kutoka kwenye njia hiyo, upande wa amplifaya, kwenda kwenye waya wa chini. Umeme wa sauti utabaki kama sehemu moja ya kumi na moja, na sauti itapungua kwa desibeli 20 hivi. Kizungushio kilichokuwa kinaishia robo sasa kitafika katikati.

Mwelezeni wazi kwamba rezista hizo zinakaa kwenye waya mdogo unaotoka kwenye deki kwenda kwenye amplifaya. Zisiwekwe kwenye waya wa spika. Nanyi msifungue amplifaya wala sabufa wenyewe, hata kama imechomolewa ukutani. Ndani mna sehemu zinazotunza umeme kwa muda baada ya kuchomoa, na nimewahudumia watu waliopigwa na umeme wa kutosha kunifanya nisiutanie.

Besi, ukuta na mahali pa spika

Mkishaweza kushusha sauti mtagundua jambo jingine: nyimbo zinakuwa nyembamba, kama zimepoteza uzito. Si redio iliyoharibika. Mwaka 1933 wataalamu wawili wa Marekani, Harvey Fletcher na Wilden Munson, walionyesha kwamba sauti inaposhuka, sikio la binadamu hupoteza zaidi sauti nzito, yaani besi. Ndiyo maana stereo nyingine zina kitufe cha "Loudness", kinachorudisha besi wakati sauti iko chini. Pasipo kitufe hicho mtu hupandisha sauti yote ili airudishe besi, na ugomvi unaanza upya.

Lakini kuweni waangalifu. Besi ndiyo inayopenya ukuta kwa urahisi kuliko sauti nyembamba. Ukiwa chumbani wakati jirani anapiga muziki, husikii maneno; unasikia "du, du, du". Kwa hiyo, kama ukuta mmoja tu unawatenganisha na mtoto au na jirani mgonjwa, shusheni besi usiku na mwongeze kidogo sauti nyembamba. Taarifa ya habari itasikika neno kwa neno hata sauti ikiwa ndogo. Kasha la besi msiliweke kwenye kona wala kulibana kwenye ukuta wa chumba cha mtoto, kwani kona huongeza besi.

Jambo la mwisho hapa ni umbali. Wengi wetu tunaweka spika mwisho wa sebule, kisha tunakaa mwisho mwingine na kupandisha sauti ili itufikie. Isogezeni spika. Katika uwazi, ukikaa umbali nusu ya ule wa kwanza unapata desibeli 6 zaidi bila kugusa kitu. Ndani ya nyumba nyongeza ni ndogo kuliko hiyo, lakini bado ni faida. Mzee akikaa mita moja na spika atasikia kila kitu, na mtoto aliye nyuma ya mlango hatasikia karibu chochote.

Umeme unapokatika

Umeme ukikatika saa nne usiku, watu hulala. Ukirudi saa nane, sabufa nyingi hujiwasha zenyewe kwa sauti ya kiwandani, na kama flashi imebaki ndani, kwaya nzima inaanza kuimba gizani. Kwetu imetokea, na majirani waliamka kabla yetu. Tangu siku hiyo umeme ukikatika, mtu wa mwisho kwenda kulala anazima swichi ya ukutani na kuchomoa flashi. Wafundisheni na watoto.

Mama mkwe na redio kubwa

Katika nyumba nyingine anayepandisha sauti ni mzee, labda mama mkwe aliyekuja kumwona mjukuu. Usimwambie, "Mama, unatupigia kelele." Mzee anaongeza sauti kwa sababu hasikii. Mpe redio ndogo yake mwenyewe, uiweke karibu naye, upande wa sikio linalosikia vizuri. Kisha, kwa upole, mpelekeni zahanati akaangaliwe masikio. Wakati mwingine ni nta tu iliyoziba, na ikiondolewa na mhudumu aliyefundishwa, mzee anasikia tena. Msiitoe kwa njiti ya kiberiti wala pini ya nywele. Kama ni uzee, daktari atawaeleza la kufanya.

Mkubaliane mapema

Nimeona nyumba ambayo ugomvi uliisha kwa kipande cha plasta. Mama na baba walikaa mchana, mtoto akiwa macho na moyo wa kila mmoja umetulia. Mmoja alisimama chumbani karibu na kitanda cha mtoto na kufunga mlango, mwingine akapandisha sauti taratibu sebuleni. Yule wa chumbani alipoanza kusikia waziwazi, aligonga ukuta. Hapo wakashusha kidogo, wakabandika plasta penye alama hiyo kwenye kizungushio. Kwa sabufa ya rimoti mnaweza kukubaliana namba, na kuiandika pamoja na alama ya sauti ya simu.

Baba alipata habari zake, mama akapata usingizi wake, na hakuna aliyelazimika kusema "Zima!" Fanyeni jaribio hilo mchana, msingoje usiku wakati kila mtu amechoka na kila neno linachoma. Mwiteni baba naye ashike rimoti, kwa kuwa amri aliyoshiriki kuitunga ataitunza vizuri zaidi.

Anzeni leo na ile hatua isiyo na gharama: shusheni chanzo, kisha pandisheni redio. Mkipata maswali, niandikieni kupitia ukurasa huu.

Nawatakieni usiku mwema, wa usingizi mzuri. Hadi mwezi ujao.